Wino wa Rasoa

Juzi nesi mmoja kijana alinipaka spiriti kwenye mkono ili anidunge sindano, na kabla hata hajaifungua hiyo sindano nilikuwa nimeinama natafuta pa kutapikia. Alidhani ni woga. "Shosho, tulia, ni kasindano kadogo tu," akaniambia, huku ananipigapiga mgongoni kama mtoto mchanga. Sikumweleza. Sindano nimedungwa nyingi na sijawahi kulia. Nisichoweza kuvumilia ni pamba yenye spiriti, ile harufu yake kali inayopanda puani na kushuka hadi kwenye nyongo.

Ninyi wa rika langu mliokulia kwenye laini za chai, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, mnaijua harufu hiyo. Ndiyo spiriti tuliyowashia karabai. Kwetu ilikuwa na kazi nyingine pia, na hiyo ndiyo ninayotaka kuisimulia, maana nimeibeba muda mrefu na inanichafua roho.

Baba alifanya kazi kiwandani, kwenye chumba cha machekecheke, pale ambapo chai iliyokauka hutikiswa na kugawanywa. Kulikuwa na gredi ya kwanza, gredi ya pili, na mwisho dasti, lile vumbi linaloanguka chini kabisa. Gredi ya kwanza ilitiwa kwenye masanduku ya mbao, ikapigiliwa misumari na kupakiwa kwenye lori. Dasti ndiyo tuliyokunywa sisi. Mama, aliyeichuma chai hiyo kwa vidole vyake tangu asubuhi kukiwa bado na ukungu, kikapu mgongoni, hakuionja ya kwanza hata siku moja. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na mimi niliona ni jambo la kawaida, kama mvua ya mawe kunyesha alasiri.

Na baba alikuwa na ugonjwa wa santuri. Mzungu mmoja msaidizi wa meneja, alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia santuri chache za soul, nyimbo za Waamerika weusi, pamoja na gramafoni ya betri. Basi mzee wangu akapagawa. Alizitafuta mjini Kericho, akazitafuta Kapsoit siku ya soko, akawasumbua wanajeshi waliokuja likizo na wanafunzi waliotoka Nairobi. Wenzake walinunua ng'ombe wa maziwa. Yeye alirudi nyumbani na sahani nyeusi ndani ya karatasi, akitembea polepole kama mtu aliyebeba mayai.

Kila santuri aliipima kama alivyopima chai. Aliishika ukingoni kwa viganja viwili, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaigeuza huku na huku akitafuta mikwaruzo. Kisha alifungua daftari lake la shule na kuandika: Kwanza, Pili au Dasti. Kabla ya kuzigusa aliosha mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko. Kabla ya kula ugali aliimwagia maji tu, nusu kikombe, akaikung'uta sakafuni. Nyumba yetu ya chumba kimoja, iliyogawanywa kwa pazia, ilinuka kama zahanati kwa sababu ya ile pamba aliyoichovya kwenye spiriti kufutia vumbi. Na usidhani tulizifaidi hizo nyimbo. Alipopiga moja Jumapili, wageni wakiwa wameketi, aliinua sindano katikati ya wimbo ili isije ikaila santuri. Nilikua nikijua mwanzo wa nyimbo nyingi na mwisho wa chache sana.

Mama hakuruhusiwa kuzigusa. Utomvu wa chai ulikuwa umeingia kwenye ngozi ya vidole vyake, ukavifanya vyeusi kama vya mtu aliyemenya ndizi mbichi, na hakuna sabuni iliyoutoa. "Hiyo mikono yako peleka jikoni," baba alimwambia mbele ya watu, na mama alicheka kidogo na kuipeleka jikoni. Nilipokuwa mtoto nilicheka naye. Leo nikikumbuka kicheko hicho nataka kutema mate.

Rasoa alikuwa dada yangu mkubwa. Aliimba kwaya kanisani, na sauti yake ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, hata mchungaji alisahau kufumba macho. Bendi moja iliyokuwa ikipiga soul hotelini mjini ikamsikia ikamchukua. Baba alinuna, mama akaomba, Rasoa akaenda. Wakafika Nairobi wakaingia studio. Krismasi iliyofuata alirudi nyumbani amevaa viatu vya kisigino kirefu vilivyojaa matope ya laini, akiwa na zawadi moja tu: santuri ndogo yenye lebo nyeupe isiyochapwa kitu. Juu ya lebo hiyo alikuwa ameandika jina lake kwa wino wa bluu, na herufi ya kwanza akaipa mkia mrefu uliozunguka chini ya jina zima.

Tuliketi wote. Baba aliosha mikono, akaifuta santuri kwa pamba, akaiweka kwenye gramafoni. Dada yangu akaanza kuimba kutoka kwenye kile kisanduku huku yeye mwenyewe amesimama pale karibu na pazia, ameuma kidole. Mama alishika kifua. Na mimi niliangalia uso wa baba, nikingoja.

Aliinua sindano kabla wimbo haujafika katikati. Akaipeleka santuri mlangoni, akaigeuzageuza.

"Inakwaruza," akasema. "Hii mashine yao ilikuwa mbovu. Dasti."

Akaandika kwenye daftari. Hakusema neno hata moja kuhusu sauti. Rasoa alicheka, akafunika mdomo kwa kiganja, akaingia jikoni kumsaidia mama kukoroga ugali ambao maji yake hayakuwa yameanza hata kuchemka. Siku ya pili yake aliondoka. Miezi michache baadaye tuliletewa habari kwamba homa ya matumbo imemchukua, na tukaenda kumzika kwetu kwa asili, upande wa magharibi, kwa michango ya wageni na nyimbo za kwaya yake ileile.

Baada ya matanga mama alikataza santuri ile isipigwe. "Sauti ya mtu aliyelala haiamshwi," alisema. Lakini kila Jumapili baada ya kanisa alinawa mikono, akaitoa kwenye sanduku la baba, akaiweka mapajani. Mama hakujua kusoma. Aliweka kidole chake cheusi kwenye lebo na kuufuata ule wino wa bluu, taratibu, kuanzia juu hadi kwenye ule mkia mrefu, akarudia tena, halafu akairudisha. Baba hakumkataza. Hiyo ilikuwa dasti, haikuwa na gredi ya kupoteza.

Mimi neno hilo lilinikera usingizini na mchana. Nilikuwa nimejua kusoma vizuri, na nilipokuwa peke yangu nilifungua lile daftari na kuliangalia: Rasoa, Dasti. Nilidhani ni kama ripoti ya shule, kwamba mtu akiandikwa hivyo ndivyo alivyo, na kwamba huko aliko dada yangu amekaa nyuma kabisa, mahali pa vumbi. Nilitaka baba alifute, akiwa bado hai na kalamu mkononi.

Ndipo alipokuja Bwana Zablon. Alikuwa mnunuzi wa santuri kutoka Nakuru, mtu mnene mwenye koti la kitambaa kizuri na ukucha mmoja mrefu wa njano kwenye kidole cha mwisho. Alikuja asubuhi, mama akiwa shambani, shule zikiwa zimefungwa. Baba aliyatandika mablanketi kitandani akazipanga santuri zake zote juu yake, akijitutumua kama jogoo.

Bwana Zablon alizipima kwa pumzi. Aliikaribia santuri, akafungua mdomo, akaivuvia, haaa, mpaka ikaingia ukungu, kisha akaangalia ukungu ule unavyoyeyuka ili aione mikwaruzo. Harufu ya kitunguu na tumbaku ilinifikia nilipokuwa nimesimama. Halafu alifuta kwa kitambaa kilekile alichokuwa amepengea kamasi muda mfupi uliopita. Na baba, aliyemfukuza mama kwa sababu ya utomvu wa chai, alitabasamu tu.

"Hizi ni za kawaida, mzee," Bwana Zablon alisema. "Hizi ziko kila mahali." Baba alinywea. Kisha mgeni akaifikia ile yenye lebo nyeupe. Aliisoma namba ndogo iliyochongwa kwenye ule weusi karibu na lebo, akaipitishia ukucha wake, akaisoma tena. "Hii ulitoa wapi?"

"Hiyo? Hiyo ni ya msichana yangu, marehemu. Hiyo ni dasti tu."

"Wewe mzee hujui kitu uko nayo. Hii walitengeneza chache sana, za kujaribu mashine, halafu wakakosana na hiyo bendi, zingine hazikutoka. Kuna mtu huko ng'ambo ananiandikia barua kila wakati juu ya hii namba." Akaivuvia, haaa. "Na iko safi! Haijapigwa. Shida ni hii mwandiko. Lebo ikiandikwa na kalamu, gredi inashuka, hawa watu hawataki. Bila hii wino, haki ya Mungu, hii ni gredi ya kwanza."

Alisema atarudi Jumamosi ya wiki iliyofuata, baba afikirie. Akamwonyesha alichokuwa nacho cha kubadilishana: santuri kubwa ya Mwamerika, ndani ya jalada lenye picha ya mwimbaji aliyevaa suti ya kumetameta. Baba aliishika hiyo kwa viganja viwili na macho yakamlegea.

Sikusikia lolote kuhusu kubadilishana. Nilisikia gredi ya kwanza. Niliona kwamba kati ya dada yangu na gredi ya kwanza kulikuwa na wino tu, na wino ni kitu kinachotoka.

Nilifanya kazi hiyo Jumatatu. Nilichovya pamba kwenye chupa ya spiriti, nikaisugua lebo polepole, kwa ustadi, kama nilivyomwona baba akifanya. Mkia ndio uliotangulia kutoka, kisha herufi moja moja, na pamba ikawa bluu. Lebo ikabaki nyeupe, ina unyevu kidogo. Nikaipuliza. Nilifurahi mno, nikiwaza jinsi mama atakavyofurahi siku dada atakapoitwa wa kwanza. Pamba nikaisukumiza kwenye tundu la ukuta nyuma ya kitanda changu. Siku chache baadaye nilipochungulia haikuwapo, na nikasema moyoni kwamba panya wamebeba.

Jumamosi ilikuja na mvua. Mama alikuwa nyumbani, ameketi mlangoni kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharagwe. Alimpokea Bwana Zablon kwa chai, ile ya dasti, akaongeza maziwa kwa heshima ya mgeni. Baba alifungua sanduku. Alipoitoa ile santuri na kuiona lebo, alisimama ghafla. Aliniangalia.

"Nani amesafisha hii?"

"Mimi, baba."

Nilimwona akifikiri. Nilimwona akimwangalia mama mgongoni, kisha akairudia lebo, kisha akaniangalia tena. "Kazi safi," akasema.

Mama aligeuka akatabasamu, kwa sababu mtoto wake amesifiwa. Aliitazama santuri ile mkononi mwa baba kama alivyotazama nyingine zote, sahani nyeusi ya Waamerika, isiyomhusu. Akarudia maharagwe yake.

Bwana Zablon aliichukua akaenda nayo mlangoni. Mvua ilikuwa imetia giza, na mama alikuwa ameketi palepale kwenye mwanga. "Mama, songa kidogo, nione," alimwambia.

"Haya, baba, karibu," mama akasema, akanyanyua kigoda chake na ungo wake, akasogea pembeni ili mgeni apate mwanga wa kumpima mwanawe. Akavuvia, haaa, juu ya kichwa cha mama yangu. Akaigeuza. Akavuvia upande wa pili.

"Gredi ya kwanza," akatangaza.

Baba alifungua daftari. Alilikata neno Dasti kwa mstari mmoja, akaandika Kwanza. Moyo wangu uliruka. Halafu, kwenye mstari uleule, kalamu ikiwa bado haijainuka vizuri, akaongeza neno moja: Imetoka. Na Bwana Zablon akaitia santuri kwenye mkoba wake, katikati ya magazeti, akaufunga mshipi.

Nilizaliwa kwenye chai, ndugu zangu. Nililiona lile lori kila siku ya Mungu. Na bado sikuwa nimejua mpaka dakika ile kwamba gredi ya kwanza ndiyo inayoondoka.

Ningeweza kusema. Ilikuwa maneno machache tu: mama, hiyo ni ya Rasoa. Mlango ulikuwa wazi, mtu yule alikuwa anasitasita kwa sababu ya mvua, akamaliza hata kikombe cha pili. Baba hakunionya wala hakunikazia macho. Alikuwa ameshanisifu, na sifa ya baba yangu ilikuwa kitu adimu, nami nilikaa pale nikiinyonya kama peremende. Mgeni akaaga. Mama akamshika mkono, akamwambia apite salama.

Kesho yake, baada ya kanisa, mama alinawa mikono. Alifungua sanduku. Alizitoa santuri moja moja, akaiangalia kila lebo, akaiweka kando. Alipofika mwisho alianza upya.

"Baba Rasoa, iko wapi ya mtoto?"

"Si iko hapo. Angalia vizuri." Hakugeuka. Alikuwa amelikumbatia jalada lake jipya, anapangusa suti ya yule mtu kwa kona ya shati.

Mama alizipitia mara ya tatu. Akaniita. "Mama, wewe uko na macho mazuri. Nitafutie ile yenye wino."

Nilizibeba zote nikaenda nazo nyuma ya pazia. Kulikuwa na moja ndogo, dasti ya kweli, lebo yake imepauka ikawa karibu nyeupe. Nilichukua kalamu yangu ya shule. Nikaandika RASOA kwa herufi za darasani, zilizosimama wima, na chini nikavuta mkia. Nikapuliza mpaka ukakauka. Nikampelekea.

"Hiyo hapo," baba akasema kutoka kwenye kiti chake. "Si nilikuambia?"

Aliyasema hayo bila hata kupepesa jicho. Alielewa nilichokifanya, akakipokea, na tukawa wawili, mimi na yeye, washiriki wa biashara moja. Sijawahi kuchukia mkono wa mtu kama nilivyouchukia ule wa kwangu uliokuwa na wino.

Mama aliweka kidole kwenye jina. Akaanza kulifuata. Kidole kikasimama kidogo, kikaendelea, kikafika mkiani, kikasimama tena. Aliniangalia kwa muda. "Asante, mama," akasema. Hakuirudisha kwenye sanduku. Aliifunga kwenye leso yake akaiweka chini ya nguo zake, na sikumwona tena akiitoa siku ya Jumapili.

Baba alitangulia kufa. Santuri zake, za Kwanza na za Pili, zilipinda kwa joto na moshi, na ile ya suti ya kumetameta ikaota ukungu wa kijani mpaka ndani. Hakuna aliyezitaka. Nilizitupa mwenyewe, na nakiri nilizivunja kwanza.

Mama aliishi sana. Alipokufa, shangazi zangu walinipa kazi ya kufungua sanduku lake la nguo. Chini kabisa nilikuta leso, na ndani ya leso ile santuri ya uongo, yenye herufi zangu za darasani. Nilikuwa nimejitayarisha kuiona. Nilipoiinua, kitu kikaanguka mapajani pangu, kimefungwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Nikafungua.

Ilikuwa pamba. Ilikuwa imekauka na kukunjamana, na ilikuwa bluu.

Panya hawakubeba chochote. Mama aliipata kwenye tundu la ukuta, akaielewa alipoliona jina bandia, akanishukuru kwa jina hilo, akanilisha, akanisomesha, akanishikia watoto wangu, na muda wote huo alijua jina la mwanawe limebaki wapi. Shangazi mmoja akauliza ni nini hiyo. Nikasema ni uchafu tu.